Mgunga, muwati na jina Acacia: kisa cha kielekezi kilichohamishwa

Leo hatuzungumzii simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumzie majina ya kisayansi ya miti, na naomba usifunge ukurasa mapema. Hiki ni kisa cha hifadhidata kama kingine chochote, ila kilianza zaidi ya miaka 250 iliyopita, kabla ya kompyuta, na Kenya imo ndani yake kuliko watu wengi wanavyojua.

Kilichonisukuma kuandika ni kazi ndogo niliyopewa na mwenye kitalu cha miche huku upande wa Uthiru. Alitaka orodha zake za miti ziingizwe kwenye kompyuta. Orodha zenyewe zilikuwa zimeandikwa na watu tofauti kwa miaka tofauti: moja ilinakiliwa kutoka kitabu cha zamani cha misitu, nyingine kutoka kwenye mtandao, nyingine kwa kalamu kutoka kichwani mwa mtu. Kwenye safu ya jina la kisayansi nilikuta Acacia xanthophloea, Vachellia xanthophloea, Acacia mollissima, Acacia decurrens na Acacia mearnsii. Mzee aliniuliza swali moja tu: "Hapo kuna miti ya aina ngapi?"

Kompyuta ilisema tano, kwa sababu kazi yake ni kulinganisha herufi. Mzee, ambaye huangalia majani na gome, alisema mbili: mgunga wa gome la njano na muwati. Mzee alikuwa sawa. Lakini huwezi kuandika amri ya kuunganisha mistari hiyo mpaka ujue ni nani alibadilisha jina gani, lini, na kwa mamlaka gani. Kwa hiyo hebu turudi nyuma kidogo.

Jina ni kielekezi

Majina ya kisayansi ya mimea yanahesabiwa kuanzia mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha kitabu chake Species Plantarum. Kila mmea ukapewa maneno mawili: la kwanza ni jenasi, yaani ukoo, na la pili ni la spishi yenyewe. Hilo wengi tulifundishwa shuleni. Ambalo hatukufundishwa ni jinsi jina linavyofungwa lisitangetange.

Watu hudhani jina linafungwa na maelezo, kwamba fulani aliandika "mti wenye majani hivi na maua vile", basi kila mti unaofanana na maelezo hayo unachukua jina hilo. Sivyo. Jina linafungwa na kielelezo kimoja, aghalabu tawi lililokaushwa, likabandikwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini. Tukiite kielelezo cha msingi. Maelezo yanaweza kusahihishwa, mipaka ya spishi inaweza kupanuliwa au kupunguzwa, lakini jina litakwenda popote kielelezo hicho kitakapokwenda. Jenasi nayo inafungwa vivyo hivyo, kwa spishi moja iliyochaguliwa kuwa ya msingi.

Aliyewahi kuandika programu kwa lugha ya C atacheka hapa, maana hiki ni kielekezi kitupu. Jina halibebi thamani, linabeba anwani.

Ukitaka kuona anwani zenyewe, toka katikati ya jiji kuelekea Westlands, ushuke Museum Hill. Ndani ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya iko Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Ilianzia Amani, kule Tanga, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi katikati ya karne ya 20, na leo ina vielelezo vinavyokaribia milioni moja. Kila karatasi ina jina la aliyechuma, mahali na tarehe. Ni hifadhidata ya karatasi, na bado inafanya kazi.

Ndugu watatu kutoka Australia

Tuanze na muwati. Ukipita Kinoo, Kikuyu mpaka Limuru utauona kila mahali. Wakikuyu wanauita muthanduku, na kule Njombe, Tanzania, wanasema miwati. Si mti wa kwetu. Uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Australia kwa ajili ya gome lake, ambalo lina tanini nyingi ya kutengenezea ngozi. Kuni na makaa yakawa faida ya juu.

Tatizo ni kwamba Australia kuna ndugu watatu wanaofanana sana, na mbegu zao zilisafirishwa duniani kwa majina yaliyochanganyika. Leo tunawaita Acacia mearnsii, Acacia decurrens na Acacia dealbata. Wote wana majani madogomadogo kama unyoya na maua kama vijipira. Tofauti zinataka macho. Maua ya mearnsii ni ya njano iliyopauka, ya ndugu zake yamekolea. Vijani vya decurrens vimeachana na ni virefu zaidi. Kwenye uti wa jani kuna vitezi vidogo: dealbata huwa navyo pale tu jozi za vijitawi zinapokutana, lakini mearnsii anavyo pia katikati ya jozi, bila mpangilio.

Kwa mkulima wa wakati huo hili halikuwa jambo la vitabuni. Gome la mearnsii lina tanini nyingi, la dealbata lina kidogo sana. Ukiletewa mbegu zenye jina lisilo sahihi, unangoja miaka kadhaa mpaka miti ikomae ndipo ujue umepanda nini, na shamba huwezi kulirudisha nyuma kwa kubonyeza kitufe.

Kwa muda mrefu vitabu vya misitu viliuita mti huo Acacia mollissima, jina la mwanzoni mwa karne ya 19, na wengine wakauita decurrens. Jina la pili ni la ndugu mwingine, hilo lilijulikana. Jina la kwanza ndilo lilileta kizungumkuti. Kielelezo chake cha msingi kilipochunguzwa vizuri kilionekana kuwa cha spishi nyingine kabisa, Acacia pubescens. Kielekezi kilikuwa kinaelekeza nyumba ya jirani, na watu walikuwa wamekitumia kwa miaka zaidi ya mia moja.

Basi mti unaojulikana dunia nzima, uliopandwa kwa maelfu ya ekari Afrika Kusini na Afrika Mashariki, ukabaki unatafutiwa jina. Sheria ya wataalamu wa mimea inasema wa kwanza ndiye mwenye haki: unatafuta jina la zamani zaidi ambalo lilichapishwa kihalali na ambalo kielelezo chake kweli ni cha spishi hiyo. Na jina hilo lilipatikana Kenya.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na msafara wa Taasisi ya Smithsonian kukusanya wanyama na mimea. Huko Juja alikuwa mgeni wa William Northrup McMillan, ambaye maktaba ya McMillan iliyoko katikati ya jiji la Nairobi ilijengwa kwa kumbukumbu yake. Msafarani alikuwemo daktari wa jeshi aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe, Edgar Alexander Mearns. Mearns alichuma matawi mengi, na mojawapo, kutoka Thika, lilikuwa la muwati. Baadaye Émile De Wildeman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, alilichunguza, akaliona kuwa ni spishi isiyo na jina, na mwaka 1925 akaliita Acacia mearnsii.

Miaka 35 ilipita. Mwaka 1960 Brenan na Melville, wa bustani ya Kew karibu na London, walichapisha makala fupi juu ya jina la Kilatini la mti huo. Hitimisho lao: mollissima haifai, decurrens ni mwingine, na jina halali la kwanza ni lile la tawi la Thika. Tangu hapo muwati wa Australia, popote ulipo duniani, hata kwenye misitu ya kwao Australia, unabeba jina ambalo anwani yake ni Kenya.

Kwa orodha ya mzee, mistari mitatu ikawa mmoja. Angalia lakini kwamba sikuweza kuifuta tu mollissima na kuandika mearnsii mahali pake bila kumuuliza mwenye macho. Mtu aliyeandika decurrens huenda alikuwa na decurrens halisi mbele yake. Ilibidi twende na mzee kitaluni tuangalie vitezi.

Ukoo ulipogawanywa

Sasa mgunga. Hapa mambo yanakuwa makali zaidi.

Neno Acacia lenyewe ni la Afrika kwa asili yake ya matumizi. Wagiriki walisema akakia kwa mti wenye miiba wa Misri uliotumika kama dawa. Mwingereza Philip Miller alilifanya kuwa jina la jenasi mwaka 1754, na spishi iliyokuja kuwa ya msingi ni huo huo mgunga wa Mto Nile, Acacia nilotica, ambao unamea pia Kenya. Kielekezi kikakaa Afrika, na hakuna aliyelalamika.

Karne mbili baadaye ukoo ulikuwa umevimba kupita kiasi. Zaidi ya spishi 1,300 ziliitwa Acacia. Mwaka 1986 Les Pedley wa Australia alipendekeza ugawanywe, na vipimo vya DNA vya miaka iliyofuata vilionyesha kuwa kweli hawa hawakuwa ukoo mmoja. Kundi moja, lenye karibu spishi 1,000, ni la Australia kwa sehemu kubwa. Kundi la pili lina spishi kama 160, nalo ndilo la migunga yetu mingi: ule wa gome la njano, ule wenye umbo la mwavuli, na ule wenye vivimbe vya sisimizi unaopiga mluzi kwenye upepo kule Athi. Kundi la tatu lina spishi kama 200, ukiwemo mti wa gundi ya arabiki.

Kwa sheria ya kawaida, jenasi ikigawanywa, jina linabaki na kundi lenye spishi ya msingi. Yaani Acacia ingebaki na kundi la mgunga wa Nile, na Waaustralia wangechukua jina Racosperma. Waliona mzigo. Majina karibu elfu moja yangebadilika, na isingetosha kutafuta na kubadilisha kwa kompyuta, kwa sababu Racosperma kwa sarufi ya Kilatini ni ya jinsia nyingine na miisho ya maneno ingebadilika pia. Acacia pycnantha, ambayo ni ua la taifa la Australia tangu 1988, ingekuwa Racosperma pycnanthum.

Mwaka 2003 Tony Orchard na Bruce Maslin walitoa pendekezo: jina libaki, ila kielekezi kihamishwe. Spishi ya msingi ya Acacia isiwe tena mgunga wa Nile, bali Acacia penninervis ya Australia. Hapo migunga yetu ingeitwa Vachellia na lile kundi la gundi lingeitwa Senegalia, majina mawili yaliyokuwapo tangu miaka ya 1830.

Hoja yao ilikuwa ya hesabu: wengi wabaki na jina, wachache wabadilishe. Hoja ya waliopinga ilikuwa kwamba jina ni la Afrika kwa historia na kwa sheria, na kwamba mgunga umeenea nchi nyingi zenye fedha kidogo za kuandika upya vitabu, lebo na kumbukumbu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndiyo maana likapelekwa kwenye kura.

Kura ya Vienna

Kamati ya wataalamu ililipitisha pendekezo kwa kura 9 dhidi ya 6. Julai 2005 likafika kwenye kongamano la kimataifa la mimea mjini Vienna. Kila aliyehudhuria alikuwa na kura yake, na hebaria zilikuwa na kura za ziada, kutoka moja hadi saba kulingana na ukubwa na umuhimu wake. Hebaria kubwa nyingi ziko wapi? Ulaya na Marekani. Na nauli ya kwenda Vienna kutoka Nairobi unaijua.

Hata hivyo asilimia 54.9 ya kura zilikataa pendekezo. Zilizolikubali zilikuwa asilimia 45.1. Utadhani limekufa, sivyo? Lakini utaratibu uliotumika ulitaka asilimia 60 ili kupindua uamuzi wa kamati. Wengi walisema hapana, na pendekezo likapita. Malumbano yaliendelea miaka sita, mpaka kongamano la Melbourne mwaka 2011, ambako uamuzi wa Vienna ulithibitishwa. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake walichapisha orodha ya majina mapya ya spishi za Afrika.

Tazama matokeo yake huku kwetu. Mgunga wa gome la njano, ambao Wamaasai wanauita olerai, na ambao watalii hupiga picha wakisema wameona akasia ya Afrika, si Acacia tena kwa waliokubali mgawanyo huo. Ni Vachellia xanthophloea. Mti ulio na haki kamili ya jina Acacia kuanzia Kangemi mpaka Limuru ni muwati, mgeni wa kutoka Australia ambao umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Na mgeni huyo anathibitisha jina lake la pili kwa tawi lililochumwa Thika. Nimesoma hifadhidata nyingi zenye vurugu, lakini hii inazishinda.

Nani analipa?

Sisi watengeneza programu tunaijua hali hii. Kampuni iliyo mbali inatoa toleo jipya la maktaba ya programu, inabadilisha jina la kitendakazi, na wewe huku unakesha ukirekebisha mambo ambayo jana yalikuwa yanafanya kazi. Mtoa uamuzi si lazima awe mbaya. Mara nyingi ana sababu nzuri. Ila gharama haihesabiwi mahali uamuzi unapofanyika.

Hapa gharama ni kitabu cha miti cha mwalimu, lebo za kitalu, na karatasi za hebaria zinazotakiwa kupangwa upya moja moja. Gharama kubwa zaidi haionekani: mwanafunzi anatafuta Vachellia tortilis kwenye kompyuta, anapata utafiti wa miaka michache iliyopita, na kila kitu kilichoandikwa kabla yake kwa jina Acacia tortilis kinabaki gizani. Hakijafutwa, ila hakionekani.

Wenzao wa kuvu walijaribu dawa nyingine. Chukua laikeni, yale madoa ya kijivu na kijani kwenye magome ya miti. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na kisheria jina la laikeni ni la yule kuvu. Jenasi yao Parmelia nayo ilikatwakatwa, hasa miaka ya 1970 na 1980, ikawa jenasi nyingi. Tangu tarehe 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu halikubaliki bila nambari kutoka kwenye sajili rasmi. Nambari haikuambii kama spishi imetenganishwa vizuri, lakini angalau ina anwani ambayo mashine inaweza kuisoma.

Na kura zinaweza kwenda upande mwingine. Julai 2024 mjini Madrid kongamano liliamua kwamba majina ya spishi yenye neno caffra, linalotokana na "kafiri" na ambalo Afrika Kusini lilikuja kuwa tusi zito, yaandikwe affra. Pendekezo lilitoka kwa Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Afrika Kusini, likapata kura 351 dhidi ya 205. Miongoni mwa miti iliyoguswa ni Senegalia caffra, ambao zamani ulikuwa Acacia caffra. Kongamano la 2029 limepangwa kufanyika Cape Town. Safari hii nauli kutoka Nairobi itakuwa nafuu kidogo.

Orodha ya mzee nimeipanga hivi. Kila mti una nambari yake ambayo haibadiliki kamwe. Majina yote, ya zamani na mapya, yako kwenye jedwali la pili, kila moja na mwaka wake, yakielekeza kwenye nambari hiyo. Hakuna lililofutwa. Ukiandika Acacia xanthophloea, Vachellia xanthophloea, olerai au mgunga wa njano, unafika kwenye mti uleule. Ukiandika mollissima, programu inakuuliza kwanza kama umeangalia vitezi.

Mzee alijaribu kutafuta "olerai", ukatokea mti wake, akaridhika. Akauliza kama hao wa Vienna wanalijua jina hilo. Nikamwambia sidhani. Akasema basi waongeze.